Matone ya Kijani

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, mkwe alisimama mlangoni mwa jiko na kufungua mdomo. Mama mkwe wake alikuwa ameshaandaa kijiko. Alionja kwanza yeye mwenyewe, kwa sababu maishani mwake hakuwahi kumpa mtu kitu ambacho ulimi wake haujakipitisha, kisha akadondosha matone, akaongeza asali, akakiingiza kijiko kinywani mwa yule binti kama anayelisha kifaranga.

"Meza. Usiyakawize."

"Nimemeza, Mama."

"Toa ulimi nione."

Mkwe akatoa ulimi. Alikuwa mjamzito, na hii ilikuwa mimba ya kwanza kukaa baada ya mbili zilizotoka. Mume wake, dereva wa malori ya safari ndefu, alimwacha chini ya uangalizi wa mama yake kabla ya kurudi barabarani, na uangalizi huo haukuwa na mchezo. Asibebe ndoo, asiiname, asilale chali, asikae na watu wanaopenda kuhadithia misiba. Na matone, kila siku ya Mungu.

Mtaa mzima ulimwita mama mkwe huyo Bi Matone. Mume wake alikuwa seremala, na watu walimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote wamekwisha duniani. Mgongo ulipokataa habari za milango na makabati, aligeukia kutengeneza mizinga ya nyuki, akaipanga kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba, kando ya mikaratusi. Asali ilijiuza yenyewe. Kilichompa mkewe jina ni ile gundi ya kahawia ambayo nyuki huikusanya kwenye vichipukizi na maganda ya miti ili wazibe nyufa za nyumba yao. Bi Matone aliikwangua, akailoweka kwenye spiriti, akaichuja kwa kitambaa na kuijaza kwenye vichupa vyenye vidondoshi. Walimu waliokaukiwa na sauti walikuja, waimbaji walikuja, wenye vidonda vya mdomo walikuja, pamoja na walevi wachache ambao nia yao haikuwa koo. Mkwe alitengenezewa yake ya peke yake, yasiyo na spiriti hata chembe.

Mwaka huo matone yalikuwa na ukijani fulani ndani ya ule ukahawia, hasa ukiinua kichupa kwenye mwanga. Bi Matone aliwaonyesha wateja bila kuombwa.

"Unaona? Yamekolea. Nyuki mwaka huu wamepata vichipukizi vya maana."

Na wateja, ambao wakiambiwa tazama huwa wanaona, waliona.

Binti pekee wa nyumba hiyo alifanya kazi kwenye maabara ya chuo. Mtaani aliitwa Daktari, jina lililomchoma kidogo, maana kazini aliitwa zaidi pale chombo fulani kilipokuwa hakijaoshwa. Ila alijifunza kwa macho, na kwa kuuliza, na sasa Profesa alimwachia vipimo avifanye mwenyewe. Mwenye duka la dawa la barabara kubwa alipomwahidi Bi Matone nafasi kwenye rafu yake, mradi alete uthibitisho kwamba dawa inafanya kazi, Daktari alichukua kichupa akaenda nacho kazini. Alipanda vijidudu kwenye kisahani, akaweka katikati kipande cha karatasi kilicholoweshwa kwa matone ya mama yake, akakiacha kwenye joto. Alipofungua, vijidudu vilikuwa vimejaa kila mahali kama ukungu kwenye mkate, isipokuwa kulizunguka lile karatasi. Pale palikuwa na duara safi, pana, ambamo hakuna kilichothubutu kuota. Akalipiga picha.

Fundi aliiomba ile picha iwekwe kwenye simu yake. Kuanzia hapo hakukuwa na mtu aliyekuja kuulizia bei ya kiti akaondoka bila kuonyeshwa duara.

"Hapa ni vita," alieleza, akiweka kidole chenye gundi ya mbao kwenye kioo. "Hawa wote ni maadui. Huyu hapa katikati ni mke wangu."

* * *

Siku moja Profesa alikuwa anapima asali za watu wengine, na kwenye ile mashine ya kupima madini palibaki nafasi. Daktari akaingiza sampuli ya mama yake, hivi hivi tu, kama mtu anayejipima uzito kwa kuwa amepita karibu na mizani. Hakuna aliyemwomba. Mwenye duka alitaka kujua kama matone yanaua vijidudu, na hilo lilikuwa limeshajibiwa.

Mashine ikasema kuna madini ya risasi, yale yale yanayotiwa kwenye betri za magari. Si kidogo.

Jambo la kwanza alilolifikiria ni kwamba hakuosha vyombo vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliomba iwe kweli yeye ni mwoshaji mbaya. Akaosha upya, akarudia. Jibu likawa lile lile. Akakumbuka kwamba kwenye droo yake kulikuwa na kichupa cha mwaka uliopita, alichokuwa akikitumia akipata mafua. Akakipima nacho. Kilikuwa safi.

"Hii ni ya nani?" Profesa aliuliza, akisoma kutoka nyuma ya bega lake.

"Ya mama yangu."

Profesa akavua miwani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Kuna mtu anaitumia?"

Daktari akaona mlango wa jiko la kwao, na mdomo wa wifi yake ukiwa wazi.

Njiani kurudi nyumbani kilichomsumbua zaidi ni lile duara. Angefarijika kama lingekuwa la uongo. Lakini lilikuwa la kweli: ule ulinzi ambao mti hujitengenezea kwa ajili yake mwenyewe, nyuki akauchukua, mama yake akauchukua kwa nyuki, ulikuwa umo ndani ya kichupa na unafanya kazi. Na risasi nayo imo. Hazikugombana hata kidogo, zilikaa pamoja kwa amani kwenye kichupa kimoja.

* * *

Alimkuta mama yake uani, amekaa kwenye kigoda, anaponda mabonge ya gundi. Baba yake alikuwa anapiga randa ubao chini ya kibanda chake.

"Mbona mapema, umefukuzwa?" mama akauliza, nusu utani.

"Wifi yuko wapi?"

"Anaanua nguo. Na usimwite, nimemkataza kutembea haraka."

"Leo asubuhi alikunywa?"

"Hajakosa hata siku moja. Una nini wewe, mbona umesimama kama mdai?"

Daktari akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili, iliyokuwa inanata. Akamweleza. Alijaribu kwa maneno mepesi, lakini hayo hayakuwepo, kwa hiyo akatumia yaliyopo: ni sumu, inaingia kwenye damu, na kwa mjamzito damu hiyo inafika kwa mtoto.

Randa ikanyamaza. Fundi akaja na ubao mkononi.

"Nyuki hawana risasi," alisema. "Nyuki anakula maua. Mashine yenu imekosea."

"Nimerudia, Baba."

"Na lile duara?"

"Duara ni la kweli. Dawa inaua vijidudu. Na ina sumu."

"Haiwezekani kitu kikawa hivyo na hivyo."

"Kimo kwenye chupa, Baba. Ya mwaka jana ni safi. Ya mwaka huu siyo. Mwaka huu mmebadilisha nini?"

Fundi aliutazama ubao wake kama aliyeukuta mkononi bila kujua umefikaje. Kisha akauegemeza ukutani, akaenda hadi kwenye mifuniko ya mizinga iliyopangwa kando ya banda, akainua mmoja na kuugeuza. Kwa ndani ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, nzito, inayong'aa. Kila mahali ilikuwa na michirizi ya kisu, na kwenye michirizi rangi ilikuwa imebanduka mpaka kwenye mbao.

Daktari akapitisha ukucha. Chembe za kijani zikabaki juu ya kidole chake.

"Rangi hii umeitoa wapi?"

"Kwenye ile karakana iliyofungwa. Walikuwa wanatupa makopo ya zamani. Rangi ya kweli, si haya maji ya siku hizi." Akasikia alichokisema. Halafu akaongeza haraka, kama mtu anayefunga mlango mvua isiingie: "Ni mimi. Nilipaka bila kufikiri. Ni uzembe wangu, basi."

Alidanganya. Si kuhusu kupaka; alipaka kweli, kwa mkono wake, mchana mmoja, huku akipiga mluzi. Alichoficha ni sababu. Mwaka uliotangulia kiwiko na kifundo cha mkono wa mkewe vilikuwa vimeanza kumuuma. Gundi ya nyuki ikishajiingiza kwenye vinyweleo vya mbao haitoki kwa kubembeleza, na Bi Matone alikuwa akimaliza kukwangua mkono umevimba. Ni yeye aliyesema, siku moja wakinywa chai, kwamba mifuniko ingepakwa rangi kwa ndani gundi ingebanduka kama ganda la yai. Fundi, ambaye hakuwahi kumnunulia mkewe ua wala kumsifu mbele ya watu ila kwa ile picha ya duara, alikwenda siku ile ile kutafuta rangi. Na kweli gundi ilibanduka kama ganda la yai. Alimwona mkewe akicheka peke yake kwa jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi, na akajiona mwanamume.

Bi Matone alikumbuka yote hayo. Alikumbuka pia chembe za kijani kwenye kitambaa cha kuchujia, na jinsi alivyoziita vichipukizi. Alifungua mdomo aseme, lakini mumewe alimtazama kwa jicho kali, akaufunga.

"Mama."

Mkwe alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na kapu la nguo. Walivyojitahidi asitembee haraka, alikuwa amejifunza kutembea bila kusikika.

"Ni yale ninayokunywa mimi?"

Ikabidi Daktari amweleze upya, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mkono wa wifi yake ulikuwa umeshafika kwenye tumbo. Mkwe hakulia. Aliweka kapu chini, akakunja shuka moja ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Mimi sikuomba dawa," alisema mwishowe. Alikuwa analiambia shuka. "Sikuwa na kikohozi. Sikuwa na kidonda. Nilifungua mdomo kwa heshima."

Kabla giza halijaingia alikuwa ameshaondoka kwenda kwa dada yake, mtaa wa pili. Alimuaga Fundi, akamuaga wifi yake. Kwa Bi Matone alipita bila kumuaga, na Bi Matone alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, mikono yake ikiwa imeinuliwa hewani, kwa kuwa inanata na hakujua aiweke wapi.

Dereva alipiga simu kutoka huko alikokuwa. Alimuuliza baba yake maswali mafupi, akajibiwa kwa ufupi. Alipoomba kuongea na mama yake, Fundi alishika simu, akamtazama mkewe akitikisa kichwa, akasema mama yako yuko bafuni. Alikuwa bafuni na siku iliyofuata pia.

* * *

Vichupa ilibidi virudishwe. Daktari alitaka waandike tangazo, lakini Bi Matone, ambaye alikuwa hajasema neno tangu siku ile, alivaa viatu na kujifunga kitambaa kichwani. Kila kichupa alikitoa kwa mkono wake, na kwa mkono wake angekichukua. Fundi akabeba kasha la mbao, akamfuata.

Kwenye kila mlango ni Fundi aliyeongea. Alikuwa na hotuba yake, na kadiri alivyoirudia ndivyo ilivyozidi kumchafua: rangi mbaya, uzembe wangu, sikufikiri, mtusamehe, nendeni hospitali mkapime, binti yetu ameshaongea nao. Bi Matone alisimama nyuma yake, akinyoosha mkono kupokea.

Mwalimu wa kwaya alikataa kukitoa chake.

"Hiki kimenirudishia sauti. Mnataka niimbe na nini?"

"Kina sumu, mwalimu," Fundi alisema.

"Basi mniletee kingine kisicho na sumu kwanza."

Walibishana naye mpaka majirani wakatoka nje. Mwishowe alikitoa, lakini alikishika kwa muda kabla ya kukiachia, kama anayekabidhi funguo za nyumba. Kwenye kona vijana wa kibanda cha kutengeneza simu walikuwa wameshapata la kusema.

"Fundi! Na sisi tupakie rangi kidogo, kuta zetu zinakohoa."

Fundi akacheka nao, maana kutocheka kungekuwa kubaya zaidi. Mwenye duka la dawa, aliyekuwa ameibandika ile picha ya duara kwenye kioo cha duka lake, aliibandua mbele yao kwa ncha ya ukucha, taratibu, bila kuacha hata kona.

"Mimi nilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo," alisema. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa ameshasafisha rafu ya kuyapangia matone.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa mshonaji mmoja, mwanamke kijana, anayeishi chumba kimoja na mtoto wake wa kike. Alisikiliza hotuba ya Fundi mpaka mwisho, mguu wake ukiwa bado juu ya kanyagio la cherehani. Mtoto alikuwa chini ya meza anapanga vifungo kwa rangi.

"Nilimpa huyu," mshonaji alisema. "Alipokuwa na kikohozi. Niliyachanganya na asali ili ayapende. Akayapenda."

"Atapimwa bure," Fundi alisema. "Ni uzembe wangu, binti yangu. Nilipaka bila kufikiri—"

"Si yeye."

Fundi akageuka. Ilikuwa muda mrefu hajaisikia sauti ya mkewe, na ilikuwa imekwaruza, sauti ya mtu ambaye angehitaji matone yake mwenyewe.

"Si yeye," Bi Matone alirudia, akija mbele. "Ni mimi niliyemwambia apake. Mkono wangu ulikuwa unauma, nikachoka kukwangua. Nikaona kijani kwenye dawa, nikakwambia imekolea. Ulisimama pale uani kwangu, nikainua kichupa kwenye jua, nikakwambia hivyo. Unakumbuka?"

"Nakumbuka," mshonaji alisema.

"Ndiyo. Ni mimi."

Mshonaji hakusema amesamehe. Aliinama chini ya meza, akamtoa mtoto, akampakata, na kichupa akakisukuma kwenye ukingo wa meza kwa ncha ya kidole mpaka Bi Matone alipokishika.

Nje Fundi alihamisha kasha hadi bega la pili.

"Kwa nini umesema? Nilikuwa nimeshaubeba."

"Ulikuwa unabeba mzigo wangu, halafu unanitembeza mikono mitupu mbele za watu. Unafikiri nilikuwa nafarijika?"

"Nilitaka wakutazame vizuri."

"Najua ulichotaka," Bi Matone alisema, na kwa mara ya kwanza tangu yote yaanze machozi yakamtoka, katikati ya barabara, mbele ya wale vijana wa simu, ambao, na wasifiwe kwa hilo, waligeukia kazi zao. "Najua. Ndiyo maana unaniua."

* * *

Majibu ya damu ya mkwe yalikuwa ya kati na kati, na hakuna kitu kinachochosha kama jibu la namna hiyo. Risasi imo, imezidi kiasi kinachotakiwa, haijafika pale pa kutisha. Daktari wa kweli, wa hospitali, alimwambia jambo kubwa limeshafanyika, nalo ni kuacha. Ale vizuri, anywe maziwa, anywe dawa ya kuongeza damu, arudi kupimwa tena. Na mtoto? Mtoto atapimwa akizaliwa. Hatuwezi kusema ameguswa, alisema, na hatuwezi kusema hajaguswa. Mtoto wa mshonaji alikuwa afadhali kidogo, kwa kuwa kikohozi chake kilipona mapema.

Wifi mtu alikwenda kumtembelea mkwe kwa dada yake. Walikaa kwenye ngazi za nyuma wakimenya machungwa.

"Mama ameshapimwa?" mkwe aliuliza. Hakumwita Mama yako, na Daktari aliliona hilo, akalishika.

"Hataki."

"Hataki vipi?"

"Anasema hospitali wapimwe waliotendewa. Anasema hawezi kukaa kwenye benchi moja na mshonaji kusubiri kuchomwa sindano, uso atauweka wapi. Baba amembembeleza mpaka amechoka. Na mkono haumpi usingizi. Kichwa kinamuuma, anasema ni mawazo."

Mkwe akaendelea kumenya. Ganda la chungwa lilitoka refu, bila kukatika.

"Alikuwa anaonja," alisema.

"Kila chupa aliyoijaza. Na gundi anaiponda kwa mikono, halafu anajilamba vidole. Wewe ulikunywa kijiko kimoja kwa siku, wifi. Yeye alikuwa anashinda nayo."

"Kila asubuhi alionja kabla yangu," mkwe alisema, kana kwamba anamrekebisha. "Nilikuwa nachukia. Nilikuwa nasema moyoni, kijiko ameshakitia mate."

Alikula chungwa lake lote, akafuta mikono kwenye kanga. Bado alikuwa na hasira. Alikuwa na haki nayo, na hakuwa na haraka ya kuiacha. Usiku alikuwa akilala na mkono tumboni, akisubiri mtoto ageuke, na mtoto akigeuka alifurahi, na baada ya kufurahi alikuwa akijiuliza kama amegeuka sawasawa. Hilo lilikuwa limeingia humo na lingekaa mpaka siku ya kuzaa, pengine na baada yake.

* * *

Alirudi asubuhi, kabla chai haijamiminwa. Fundi alikuwa uani anasugua mbao mpya za mifuniko, tupu, zisizo na rangi yoyote. Ile ya kijani alikuwa ameifungia kwenye magunia mpaka binti yake amwambie pa kuipeleka, kwa kuwa alikatazwa kuichoma. Alimwona mkwe akipita na mfuko, akasimama wima, akakung'uta unga wa mbao mikononi. Mkwe akamsalimia na kuendelea.

Bi Matone alikuwa jikoni, amempa mlango mgongo, anaosha kikombe kilichokuwa safi. Rafu ya vichupa ilikuwa tupu.

"Shikamoo, Mama."

Kikombe kikaanguka kwenye beseni.

"Marahaba," Bi Matone alisema, bila kugeuka. "Umekuja kuchukua vitu vyako?"

"Nimekuja kukuchukua wewe. Vaa viatu, tunakwenda kupima."

"Mimi sina ninachoumwa."

"Na mimi sikuwa na nilichoumwa, ukanipa dawa. Vaa viatu, Mama."

Walikwenda. Walikaa kwenye benchi, na mshonaji alikuwepo na mtoto wake, maana ilikuwa zamu yao ya kurudia. Mshonaji aliwatazama, akatazama pembeni, kisha akasogea kidogo ili nafasi ipatikane. Ilikuwa nafasi ndogo. Bi Matone alikalia ukingo tu, na alipochomwa sindano hakuhisi.

Majibu yake yalikuwa mabaya kuliko ya wote. Daktari wa hospitali aliyasoma mara mbili. Akauliza kuhusu kichwa, akauliza kuhusu kifundo cha mkono, akauliza kama amekuwa akisahau vitu. Akampangia siku za kurudi na kumpa dawa ya maji ya kuongeza damu, na akamwonya kwamba haitafanya kazi kwa kuwekwa rafuni.

Iliwekwa rafuni. Asubuhi ya kesho yake Bi Matone alikuwa anawasha moto wa chai aliposikia nyuma yake mlio mdogo alioujua vizuri kuliko sauti yoyote nyumbani humo, wa kijiko kinachogusa shingo ya chupa. Akageuka. Mkwe alikuwa amesimama pale pale mlangoni alipokuwa akisimama siku zote, tumbo likiwa limemtangulia, kijiko kimejaa, mkono wa pili umekinga chini yake kisidondoshe.

"Ina nini ndani?" Bi Matone aliuliza.

"Wifi ameisoma yote. Imeandikwa kwenye chupa."

"Na wewe..." Akafuta mikono kwenye kanga. "Umeionja?"

"Nimeionja," mkwe alisema. "Ina ladha ya msumari."

Bi Matone alikitazama kijiko. Kisha akashika fremu ya mlango kwa ule mkono unaouma, akafumba macho, akafungua mdomo.

"Meza," mkwe alimwambia. "Usiikawize."